Ukuta Mmoja, Mapambano Matatu

Hapo zamani, wala si zile zamani za wanyama kusema, ni zamani za juzijuzi tu, redio zilipokuwa na ukubwa wa kabati na mtaa mzima unasikiliza moja, palikuwa na bondia wa uzito wa juu katika mji wa Tabora. Jina lake Mabula Igosha. Watu walimwita Kinu, maana ukimpiga anabaki palepale, na wewe ndiye unayeondoka unapuliza mkono.

Kinu alipigana, akapigana, akapigana, mpaka akazeeka. Akatundika glovu, akafuga ng'ombe, akanenepa kidogo. Nasema kidogo kwa heshima yake. Mkewe angewaambia vingine.

Basi klabu ya ngumi ya pale mjini, ile ya vijana wa karakana ya reli, ikajenga ukumbi mpya. Bati jipya, ulingo wa mbao, na upande wa mashariki ukuta mmoja mpana, mweupe, usio na dirisha. Wakasema, "Huu ni ukuta wa Kinu. Tumchore." Wakamwita Fundi Chande, mchoraji wa mabango ya migahawa, mtu ambaye kuku wake wa kuchora waliwahi kumfanya mlinzi wa benki aache lindo akatafute chakula. Wakamwambia, "Mchore Kinu katika pambano lake bora kuliko yote."

Fundi Chande akauliza, "Lipi?"

Haya. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Walibishana kinyozini, wakabishana bombani, wakabishana hata msibani, mpaka wafiwa wakawaomba wakabishanie nje. Mwishowe wakamwendea Kinu mwenyewe. "Mzee wetu, katika mapambano yako yote, lipi lilikuwa bora?"

Kinu akajikuna kichwa. "Mnaniuliza bure. Mimi sikuwahi kuliona hata moja. Nilikuwa ndani. Waulizeni waliokuwa nje."

"Akina nani?"

"Muulizeni Kocha Alfani, aliyenifundisha. Muulizeni mke wangu. Na muulizeni Pazi, mtani wangu, yeye alinipiga na mimi nikampiga, ana haki ya kusema."

Alidhani amejitua mzigo. Kumbe amejitwisha. Kwa sababu Fundi Chande alisema kwamba bondia akichorwa peke yake anaonekana kama mtu anayefukuza nzi, ni lazima awepo na mwenzake. Basi ikaamuliwa: atakayeshinda hoja, pambano lake ndilo litakalochorwa, na yeye mwenyewe atachorwa humo pamoja na Kinu. Na rangi ya Fundi Chande ilikuwa ile ya kupakia mabehewa. Ikishakauka haitoki mpaka ukuta uanguke.

Kinu aliposikia hivyo, chakula hakikumshuka. Watu watatu hao ndio aliowapenda kuliko wote duniani. Sasa mmoja atapanda ukutani, na wawili watapita mbele ya ukuta huo kila siku ya maisha yao wakijiona hawamo. Hakuwahi kumwogopa mtu yeyote ulingoni. Ukuta ule aliuogopa.

Siku ya siku ikafika. Ukumbi ukajaa, wengine wakaning'inia madirishani. Kinu akaingia, akakuta kiti chake cha heshima kimekaliwa. Na aliyekikalia amevaa kofia ya Kinu.

"Karibu, Mnyamwezi," akasema yule mtu. "Usiogope, hapa ni kwako pia."

Huyo ndiye Mwinshehe Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, aliyekuja kwa treni toka pwani. Na ninyi mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani akikuchukulia kiti unakaa chini. Akikuchukulia kofia unaungua jua. Ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo wako wote. Kinu akacheka, akavuta kreti la soda, akakaa.

Wa kwanza kusimama alikuwa Kocha Alfani. Mzee mfupi, mkavu, aliyekuwa fundi wa breki za treni mchana na mwalimu wa ngumi jioni. Taulo jeupe begani, kama kawaida. Sijui kama alilala bila taulo lile.

"Odongkara wa Kampala," akasema. "Pambano la ubingwa wa Afrika Mashariki. Mnalikumbuka?"

"Tunalikumbuka!"

"Hamlikumbuki. Mlilisikia redioni. Mimi nilikuwa konani." Akaenda hadi katikati ya ulingo. "Masika yote nilimsimamisha kijana huyu ndani ya duara la chaki pale karakana. Nikaning'iniza gunia la mchanga kwenye mnyororo wa winchi, nikamfunga mikono nyuma kwa kamba, nikalisukuma gunia. Kazi yake moja tu, asiguswe. Masika yote hakupiga hata mbu. Mji mzima ukasema Alfani amechanganyikiwa. Mama Kulwa huyu hapa alikuja kuniuliza kama namwandaa bondia au mahabusu."

"Kweli nilikuja," akasema Mama Kulwa, mke wa Kinu, aliyekuwa anapitisha chai.

"Tukaenda. Odongkara ana mabega ya kuzuia mlango. Raundi ya kwanza akarusha makonde, akapiga hewa. Ya pili, hewa. Ya tatu akaanza kuzitazama glovu zake, anashangaa zina kasoro gani. Ya nne akachoka, akainama kidogo. Kijana akampa konde moja. Moja! Odongkara akakaa chini taratibu, akahesabiwa, hajaamka. Kinu akashuka ulingoni nywele zimechanwa vilevile nilivyozichana mimi."

Ukumbi ukalipuka. Kocha akainua mkono wanyamaze.

"Ngumi ni kupiga bila kupigwa. Mengine ni ugomvi wa vilabuni. Siku ile moja, ngumi ilipigwa inavyotakiwa, na sijaiona tena." Sauti ikamlegea kidogo. "Mimi sikujaliwa mtoto. Shamba sina. Nina pambano lile. Nichoreni konani tu, mdogo hivi, na taulo langu."

Kinu akaikumbuka siku ile, mwili ulivyokuwa mwepesi hata akasahau kama ana mwili. Akasema moyoni, hakuna zaidi ya hilo. Ni la Kocha.

Na watu wakasema, "Basi imekwisha! Chora, Fundi!"

Fundi Chande akachovya brashi.

"Weka brashi chini."

Ni Mama Kulwa. Birika mkononi.

"Kocha, shikamoo yako nilikupa asubuhi, kwa hiyo sasa nitakubishia. Pambano la Odongkara lilikuwa safi. Safi mno. Watu walipiga miayo. Mtangazaji wa redio alikosa la kusema, akaanza kutaja bei ya pamba."

Watu wakacheka, maana ni kweli.

"Mimi nasema Wambura wa Musoma. Kule Mwanza."

Ukumbi ukanong'ona. Mmoja akathubutu, "Lakini, Mama Kulwa, lile si alishindwa?"

"Alishindwa. Nilikuwepo, najua. Raundi ya pili alimpiga Wambura kichwani, mkono wa kulia ukavunjika. Kichwa kile ni jiwe la Ziwa. Raundi ya tano jicho la kushoto likaziba. Kocha akasimama, akainua taulo alitupe ulingoni, pambano liishe."

"Nikainua," akasema Kocha. "Ndiyo kazi ya kocha."

"Nikamnyang'anya, nikalikalia."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Pazi akapiga makofi, kofia ya watu kichwani.

"Nililikalia kwa sababu nilimtazama mume wangu. Jicho moja lililobaki lilinitazama, likaniambia bado. Nalijua jicho lile. Limenidanganya mara nyingi kuhusu lilikuwa wapi Jumamosi, lakini siku ile halikudanganya. Basi nikaanza kuuzunguka ulingo. Upande asiouona nikauona mimi. Nikampigia kelele kwa Kinyamwezi: kushoto, inama, rudi nyuma, sasa! Wambura akasikia maneno asiyoyajua, akamwambia mwamuzi kwamba analogwa. Mwamuzi akanijia. 'Mama, unasema nini?' Nikamwambia, naongea na mume wangu. 'Mambo gani?' Nikamwambia, ya nyumbani."

Hapo hata Kocha alicheka, akajifunika na taulo.

"Mwamuzi akaenda akatafuta sheria ya kumkataza mke asiongee na mumewe. Hakuipata, akarudi. Baba Kulwa akapigana kwa mkono mmoja na jicho moja hadi kengele ya mwisho. Pointi wakampa Wambura. Wambura akakataa kuinuliwa mkono mpaka Kinu aletwe pembeni yake, wainuliwe wote. Mambo yakikunyookea, ushujaa uko wapi? Mimi nilimwona yalipomgomea."

Akaweka birika chini.

"Nawauliza. Nani humu ndani analijua jina langu?"

Wakatazamana. Mwenyekiti wa klabu akatazama viatu vyake.

"Naitwa Nyanzala. Nimekaa mji huu tangu nikiwa mwari, naitwa mke wa Kinu, naitwa Mama Kulwa, sikatai. Lakini siku ile nilikuwa jicho lake. Nichoreni pale kwenye kamba, mdomo wazi, napiga kelele. Na chini yangu mwandike Nyanzala."

Kinu akamgeukia mkewe. Aliikumbuka siku ile, lakini si makonde. Aliikumbuka sauti tu, inatoka gizani upande wa kushoto, na yeye anaifuata. Akasema moyoni, Kocha anisamehe. Ni la huyu.

Na watu wakasema, "Basi imekwisha! Chora, Fundi!"

Kocha akawahi. "Subirini. Kijana, inua kikombe kwa mkono wa kulia, wakuone."

Kinu akauficha mkono nyuma ya kreti. Lakini nani asiyejua? Mkono ule haukunjiki mpaka leo. Anapeana mikono kwa ncha za vidole.

"Ningeachiwa taulo langu," akasema Kocha, "angekuwa na mikono miwili."

"Muulize kama anautaka kwa bei hiyo," akasema Nyanzala. "Baba Kulwa, sema. Nilikosea kulikalia?"

Macho yote kwa Kinu. Kinu akamtazama kocha, akamtazama mkewe.

"Chai inapoa," akasema.

Mnacheka. Ningewaona ninyi mahali pake.

Fundi Chande akachovya brashi tena. Lakini alipotaka kuipeleka ukutani, haikwenda. Pazi alikuwa ameishika.

"Weka brashi chini, fundi. Au nipe mimi nimchore, najua anavyofanana na punda." Akasimama, kofia ya Kinu imemfika kwenye nyusi. "Jamani, mimi ndiye mtu pekee humu ndani aliyewahi kumwangusha Kinu. Mnalijua hilo?"

"Tunalijua!"

"Mnajua nilimwangusha kwa nini?"

Hapo watu wakakaa vizuri, maana hilo halikuwahi kusemwa. Redioni walisikia tu Kinu yuko chini.

"Ilikuwa hapahapa Tabora, raundi ya sita. Amenipiga mbavu hizi mpaka namsikia marehemu babu yangu ananiita. Tukashikana, nikamwambia sikioni: 'We Mnyamwezi, babu zako walileta pembe pwani kwa miguu. Kurudi walipotea, mpaka sisi tukawaonyesha njia. Na wewe hapo kona yako iko wapi?' Akatazama! Wallahi akageuza shingo akatazama kona yake! Halafu akagundua, akaanza kucheka. Akacheka mpaka kinga ya meno ikadondoka. Na mimi nikampa moja ya kidevu. Chini!"

Ukumbi ulipokwisha kucheka, jua lilikuwa limehama dirisha. Kinu mwenyewe alikuwa anajishika mbavu.

"Sasa nisikilizeni. Bondia akiangushwa kwa hila anaamka na hasira. Huyu alihesabiwa mpaka nane, akaamka anacheka. Tangu hapo tukapigana kwa makonde na kwa maneno. Ananipiga, ananiambia, 'Hii ni ya muhogo mliokula bila kulima.' Nampiga, namwambia, 'Hii ni ya nauli ya babu yako.' Watu wa mbele walisikia, wakawaambia wa nyuma. Raundi ya mwisho miguu ikanikataa. Mikono imeshuka. Konde moja tu na mimi siko leo. Nikaliona linakuja."

Akavua kofia, akaikunja mikononi.

"Halikufika. Alinikumbatia, akanishikilia nisianguke mbele ya watu, akaniambia sikioni, 'Mtani, leo sikuleta sanda. Simama.' Tukasimama hivyo mpaka kengele ikalia. Ushindi walimpa yeye, na ulikuwa wake. Mimi nimepigana na watu wengi wenye hasira. Mtu wa kupigana naye kwa nguvu zote na moyo wake hauna doa juu yangu, nilimpata mmoja."

"Vichekesho hivyo!" Kocha akaruka. "Bondia anayegeuza shingo ulingoni! Nilitaka kuihama klabu siku ile. Na watu waliolipa kiingilio aliwanyima mwisho wao."

"Na kumbeba mtu mzima namna hiyo," akasema Nyanzala, "ni ngumi au ni malezi?"

Pazi akawacheka, kisha akaacha kucheka.

"Kwa utani wetu naweza kuuchukua ukuta wote huu, na Mnyamwezi huyu hana ruhusa hata ya kununa. Nimekikalia kiti chake, nimevaa kofia yake, na kesho nikiona ng'ombe mzuri huenda nikaondoka naye. Vyote nimechukua mwenyewe. Huu ukuta sitaki kuuchukua. Nataka nipewe. Kule kwetu wajukuu wakisikia nilisimama na Kinu hadi kengele ya mwisho wananiambia, babu, nenda kalale. Nichoreni mikononi mwake. Sitaona haya."

Kinu akayafuta macho. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kufurahi namna ile ulingoni. Akasema moyoni, ni la Pazi. Kisha akamwona Kocha anakunja taulo na kulikunjua. Ni la Kocha. Kisha akamwona Nyanzala ameinua birika tena, lakini hamimini. Ni la Nyanzala. Akajisikia kama amehesabiwa mpaka tisa na bado hajapata mguu wa kusimamia.

Na watu? Watu waligawanyika vibaya. Vijana wa klabu wakasimama na Kocha. Wanawake wote wakasimama na Nyanzala, na waume zao wakawafuata, wengine kwa hiari. Wanaopenda kucheka wakasimama na Pazi. Ukumbi ukageuka soko.

Katikati ya kelele hizo, Fundi Chande akakohoa.

"Jamani. Mnisamehe. Rangi ilikuwa inaanza kukauka kwenye kopo, nikaona nianze."

Wakageuka. Pale ukutani alikuwa amesimama Kinu. Kinu mwenyewe, miaka yake ya nguvu, shingo nene, miguu imejikita, na uso ambao kila mtu akiutazama anasema ndiyo, ndiye. Alikuwa kamili, ila hana mikono. Mabega yameishia hewani.

"Mwili ni uleule katika mapambano yote matatu," akasema Fundi Chande. "Hata uso, maana mnasema alikuwa ametulia, mnasema hakukata tamaa, mnasema alikuwa anacheka, na mimi nimemtazama tangu asubuhi pale kwenye kreti, naona vyote viko pamoja. Mikono ndiyo inayotofautiana. Kwa Odongkara nitaiinua yote, imetulia, haijaguswa. Kwa Wambura mmoja nitauinua, na wa pili nitauning'iniza umevunjika. Kwa Pazi itamzunguka mtu isimwache aanguke. Mkiniambia mikono, na huyo mwenzake nitajua ni nani. Basi niambieni."

Kinu akainuka kwenye kreti, akatembea hadi kwenye ukuta, akasimama mbele ya yule kijana asiye na mikono. Nyuma yake walisimama watatu. Kocha aliyempa ufundi wa kutoguswa. Nyanzala aliyempa jicho alipokuwa haoni. Pazi aliyempa kicheko cha kupigana bila chuki. Hawakuutazama ukuta. Walikuwa wanamtazama yeye, na kila mmoja alikuwa tayari kumpongeza mwenzake huku moyo unamuuma. Kinu aliliona hilo, na akaona afadhali arudi ulingoni kwa Wambura.

"Mzee," akasema Fundi Chande kwa upole, "brashi inakauka."

Kinu akageuka, lakini hakumgeukia Fundi. Aliwageukia watu waliojaa ukumbini na madirishani, wale waliokuwepo na wale waliosikia redioni, kwa sababu alisema tangu mwanzo, yeye alikuwa ndani.

Basi na mimi nawageukia ninyi mlio nje. Pambano lipi lilikuwa bora? Lile asiloguswa, lile aliloshindwa, au lile alilocheka? Kocha, Nyanzala na Pazi, nani alistahili kusimama naye ukutani? Semeni upesi, Fundi anasubiri: mikono ya Kinu aiweke wapi?